Nimetuma pesa za nyumba ya Kisumu kabla sijaiona. Nimalizie ama niache?

Salamu Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 26 kutoka Webuye. Nilisomea kazi ya maabara, na baada ya kukaa nyumbani muda mrefu nikifanya vibarua vya hapa na pale, nimepata kazi katika hospitali moja ya kibinafsi karibu na Kondele, Kisumu. Natakiwa kuripoti tarehe mosi mwezi ujao. Kazi nimeifurahia, ila suala la nyumba limeninyima usingizi.

Kisumu sina mtu wa karibu isipokuwa binamu yangu anayeishi Manyatta na mke na watoto watatu katika vyumba viwili, na sikutaka kumwongezea mzigo. Nikaanza kutafuta kwenye simu. Katika kikundi kimoja cha nyumba za kupanga nikaona tangazo: chumba cha kulala na sebule, Milimani, ghorofa ya pili, choo na bafu ndani, maji saa zote, waifai ya bure, mlinzi usiku na mchana, shilingi 9,000 kwa mwezi. Picha zilikuwa za kuvutia. Nikauliza kama bado ipo, na mwenye tangazo akanijibu papo hapo, akaomba tuhamie WhatsApp.

Anasema yeye ni ajenti. Anaongea vizuri, kwa heshima, ananiita dada. Alinieleza kwamba mwenye nyumba yuko Qatar na amemwachia yeye kila kitu. Aliniomba shilingi 500 za kuonyeshwa nyumba, nikatuma. Nilipomwambia nitakuja Jumamosi, akasema mpangaji aliyemo hatoki hadi mwisho wa mwezi na hapendi kusumbuliwa, kwa hivyo akanitumia video. Kesho yake akasema kuna watu watatu wanaoing'ang'ania, na nikitaka anishikie nitume 4,000 zitakazokatwa kwenye kodi ya kwanza. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Akaniambia ni mke wake, ndiye anayeshika hesabu. Alinitumia picha ya kitambulisho chake yeye mwenyewe ili niondoe wasiwasi. Nami nikamtumia changu pamoja na barua ya kuajiriwa, kwa sababu alisema zinahitajika kujaza mkataba.

Sasa anataka 14,000, yaani kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ukitoa zile 4,000. Lazima ziwe zimefika Ijumaa jioni, la sivyo nyumba anapewa mwingine na pesa za kushikiwa hazirudi. Funguo anasema atanitumia kwa matatu.

Mama yangu amekopa 15,000 kwenye chama ili nianze maisha. Kaka yangu anasema huyo ni mwizi na hataki hata kusikia habari zake. Mama anasema mtu mwenye nia mbaya hawezi kukutumia kitambulisho chake, tena tumeshatoa 4,500, tukiacha sasa ni kama tumezitupa. Binamu yangu alijitolea kwenda kuangalia jengo, lakini ajenti akakataa kutaja jina la jengo hilo, eti mwenye nyumba hapendi watu wa kuchunguza chunguza.

Nimekutumia picha zote na mazungumzo yetu. Nimalizie ama niache? Na kama kweli ni tapeli, nitapataje nyumba kabla ya tarehe mosi bila kumwangukia mwingine? Maana kila ninayempigia anataka nitume kitu kwanza.

Binti wa Webuye

*

Binti yangu,

Acha. Usitume hata senti Ijumaa, wala Jumamosi atakapokurudia na bei ya huruma. Atarudi, usidhani hatarudi. Ukinyamaza, zile 14,000 zitashuka ziwe 7,000, kisha utaambiwa utume tu ulicho nacho, mengine utamalizia ukishaingia. Mimi nina vyumba vya kupangisha upande wa Migosi, ni miaka mingi sasa, na sijawahi kumwambia mtu nisiyemjua atume tu alicho nacho. Mwenye ploti anataka kumwona mpangaji: anafanya kazi wapi, ana watu wangapi nyumbani, ana dalili za kupiga muziki usiku kucha ama hana. Anayekubali upange bila kukutia machoni hana nyumba ya kuihofia.

Picha zako nimezitazama na miwani yangu puani. Katika ile ya chumba cha kulala, chini ya dirisha, kuna kitu cheupe cha chuma chenye mbavu mbavu kama ubao wa kufulia. Hicho ni kifaa cha kupasha nyumba joto, cha nchi ambazo theluji huanguka. Sasa niambie, ni nani pale Milimani, karibu na ziwa, anayenunua kitu cha kuongeza joto ndani ya nyumba? Sisi tunalala chini ya neti ya mbu tukiomba upepo. Tazama pia soketi iliyo kando ya kitanda: ina matundu mawili ya mviringo. Za kwetu Kenya zina matundu matatu ya mstatili. Na ile video ni ya nyumba nyingine kabisa, kwa sababu sakafu yake ni ya vigae vya kijivu na kwenye picha sakafu ni ya mbao. Aliyeichukua hakutoka nje ya mlango hata mara moja, hatukuona ngazi, geti wala barabara.

Ukipakia picha kama hizo kwenye sehemu ya Google ya kutafuta kwa picha, mara nyingi utaona zilikotolewa. Lakini sitaki udhani kazi yako sasa ni kukagua soketi. Huyu wako ni mvivu. Mwenzake mwenye bidii ataenda Kisumu, atapiga picha za nyumba halisi, na utakosa pa kumshikia.

Kuhusu bei, nitasema kwa ufupi. Kwa 9,000 hapa mjini unaweza kupata bedsita nzuri, au chumba na sebule mbali kidogo na lami. Milimani, na waifai juu, na mlinzi wa usiku na mchana? Hapana. Bei hiyo iliwekwa ili usiulize maswali mengi.

Mama yako ametoa hoja mbili, na kwa heshima zote kwake, zote mbili ndizo ajenti huyo alizokusudia mzitoe.

Ya kwanza ni zile 4,500. Hizo zimekwenda. Ukitia 14,000 juu yake hutakuwa umeziokoa, utakuwa umepoteza 18,500. Mtego wenyewe umejengwa hivyo kwa makusudi. Kwanza ni 500, ambazo mtu hazihesabu. Kisha 4,000, ambazo zinauma kidogo. Halafu inakuja kubwa lao, na wakati huo unaogopa kupoteza ulizotoa kuliko unavyomwogopa aliyezichukua. Angekuomba 18,500 siku ya kwanza ungemkimbia.

Ya pili ni kitambulisho. Linganisha majina: aliye kwenye kitambulisho ni mwanamume, aliyepokea pesa ni mwanamke, na hawafanani hata ukoo. Habari ya mke anayeshika hesabu ni maneno tu. Yule kijana wa kwenye picha, mimi nadhani, ni mtu aliyekuwa anatafuta nyumba kama wewe, akaambiwa atume kitambulisho cha kujazia mkataba. Na sasa chako kiko huko huko, pamoja na barua ya kazi yenye jina la hospitali. Kesho kutwa kuna msichana wa Busia au Siaya atakayeambiwa, usiwe na wasiwasi dada, mimi nafanya kazi hospitalini Kisumu, kitambulisho changu hiki hapa. Hilo linanisumbua kuliko pesa, nalo ndilo utakaloshughulikia kwanza.

Nenda kituo cha polisi hapo Webuye, huna haja ya kungoja ufike Kisumu. Eleza yote mawili: pesa ulizotuma, na kwamba nakala ya kitambulisho chako iko mikononi mwa mtu huyo. Hakikisha la kitambulisho limeandikwa, kisha uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Siku moja mtu akija kukulaumu kwamba umemtapeli, nambari hiyo ndiyo itakayokusemea. Beba picha za skrini za mazungumzo, tangazo lenyewe kabla hajalifuta, na zile jumbe mbili za M-Pesa zenye nambari za muamala. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka mitatu. Pia kuna sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018. Afisa akikwambia ni pesa kidogo, mjibu kwa upole kwamba wewe umekuja kuandikisha, si kubishana. Nambari ya tapeli ikiripotiwa na watu kadhaa, ndipo wapelelezi hupata mwanzo wa kazi. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nao wana laini ya bure, 0800 722 203.

Ukitoka hapo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona nambari usiyoijua, peleka habari kwa kampuni ya simu. Rudia baada ya muda. Nambari ya tapeli itume kwa 333, ndiko Safaricom hupokea malalamiko ya ulaghai, na haitozwi. Wapo watakaokwambia utume ujumbe wa muamala kwa 456 ili pesa zirudishwe. Jaribu, lakini sitakudanganya: njia hiyo iliwekwa kwa aliyekosea nambari, na inategemea kama pesa bado zimo kwenye simu ya aliyepokea. Matapeli hutoa pesa kabla hujaweka simu mfukoni.

Halafu usije ukaandika kilio chako hadharani mtandaoni ukiweka na nambari yako. Kuna kundi jingine linalovizia watu kama wewe, linajidai linajua kurudisha pesa zilizoibwa kwa ada ndogo tu. Hao ni ndugu zake.

Yeye mwenyewe usimtukane, wala usimwambie umemjua. Nyamaza tu. Mazungumzo usiyafute.

Tuje kwenye nyumba sasa. Watu wengi watakwambia usilipe kabla hujaiona. Ni kweli, lakini haitoshi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo hata wajanja huumizwa. Ukiiona nyumba umejua kwamba ipo. Bado hujajua ni nani mwenye haki ya kukupangisha.

Mtu anaweza kukodi nyumba yenye fanicha kwa siku mbili, zile za wageni wa wikendi. Ana funguo halali. Mlinzi amemwona akiingia na begi, wanasalimiana. Anaweka tangazo, na Jumamosi anawapokea watu mmoja baada ya mwingine, kila mtu na saa yake. Wote wanafungua mifereji, wote wanachungulia kabati, wote wanapewa karatasi ya mkataba iliyopigwa chapa vizuri, na wote wanalipa. Tarehe mosi wanakutana getini na magodoro. Kuna na mpangaji mwenye deni la kodi anayejiandaa kutoroka: anakuonyesha nyumba anayoishi, anakwambia yeye ndiye mwenyewe na anahamia Nairobi kikazi, na hata vyombo vyake vimo ndani kama ushahidi. Wa tatu ni keateka, yaani mwangalizi wa ploti, asiye mwaminifu, ambaye nyumba ni ya tajiri wake kweli na ni wazi kweli, ila ameshaiahidi kwa watu wawili kabla yako na pesa zao ameshazila.

Wengi wa hao unawanasa kwa swali moja, na unamuuliza mtu asiyepata chochote katika jambo hilo. Jirani. Nami sisemi jirani utakayetambulishwa na ajenti. Subiri ajenti aende zake, urudi jioni watu wakiwa wametoka kazini, ubishe mlango wa pili au wa tatu. Samahani mama, nataka kuhamia hapa, je, kodi ninyi huwa mnalipa wapi?

Usiulize kama mwenye nyumba ni mtu mzuri, utapewa hadithi. Uliza kodi hulipwa wapi. Ploti nyingi siku hizi zinalipiwa benki kupitia nambari ya Paybill, na nambari ya nyumba ndiyo akaunti. Nyingine bado ni kwa simu ya mwenye ploti, au mkononi kwa keateka anayekata risiti. Vyovyote iwavyo, wapangaji wanajua kwa moyo, maana wanalipa kila mwezi. Linganisha na ulikoelekezwa wewe. Ukiambiwa wewe ulipe kwingine kwa sababu ni mgeni, au kwa sababu akaunti ina hitilafu wiki hii, chukua mkoba wako uende. Na hata ukiwa na nambari iliyo sawa, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji na kukupa nafasi ya kusitisha. Lisome jina hilo polepole. Wengi hulipita mbio kama tangazo la redio.

Ukiwa hapo, nunua nyanya kwa mama mboga wa getini. Yeye anajua ni nani huja kudai kodi, ni nani amefungiwa mlango, maji hukatika siku gani na chini pale panafurika mvua ikinyesha ama hapafuriki. Mambo hayo ajenti hawezi kukuambia hata akiwa malaika.

Umesema kila unayempigia anataka utume kitu kwanza. Ndiyo, wengi wako hivyo, na si wote ni wezi. Kisheria, anayefanya kazi ya uwakala wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa na bodi iliyowekwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi hiyo ina orodha ya waliosajiliwa. Ukikutana na ofisi inayojiita kampuni ya nyumba, uliza. Lakini tuongee ukweli wa mtaani: vijana wengi wanaokuzungusha kwa miguu kutafuta bedsita Kondele hawamo kwenye orodha yoyote, na baadhi yao wamewapatia watu nyumba nzuri. Msimamo wangu kwa hao ni huu: ada ya kuonyeshwa nyumba inalipwa mkiwa mmesimama ndani ya nyumba. Akikataa, mwambie asante. Kijana anayeijua kazi yake atakubali, maana anajua ukifika utaipenda. Na ada hiyo ni ya miguu yake tu. Kodi na dipoziti hazipiti mkononi mwake hata kama ni mtoto wa askofu.

Simu yako bado ina kazi. Itumie kujua bei za mitaa na kupata nambari za kupigia, na upige, usiandikiane tu. Uliza vitu ambavyo mtu asiyejua ploti hiyo hawezi kujibu haraka: nashukia stegi gani, geti ni la rangi gani, maji ni ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ama ya kisima, stima kila nyumba ina mita yake ya tokeni ama mnagawana. Kama huwezi kufika siku hiyo, omba simu ya video, si video iliyorekodiwa, kisha umwongoze wewe. Fungua mfereji wa jikoni nione. Washa taa. Sasa toka nje unipeleke hadi getini, nionyeshe barabara pande zote mbili. Mwenye nyumba atacheka na kukuonyesha. Tapeli ataishiwa bando.

Ila hata hiyo ni ya kukuokolea nauli tu. Panda matatu. Kutoka Webuye ni barabara moja, unapita Kakamega, Chavakali na Kiboswa, unateremka kuelekea ziwani, na Mamboleo na Kondele zote ziko njiani kabla hujafika mjini. Njoo siku ya kazi katika wiki ya mwisho wa mwezi, kwa sababu wakati huo wapangaji wameshatoa notisi na wenye ploti tunajua ni vyumba gani vinabaki wazi. Zunguka Migosi, Kenya Re, Manyatta na Mamboleo kwa miguu. Nyumba nyingi nzuri hazijawahi kuonekana mtandaoni. Zina kibao tu kwenye geti chenye nambari ya simu. Mimi mwenyewe nikipata chumba wazi namwambia mpangaji mmoja amwambie mwenzake kazini, na kabla ya wiki kuisha kimejaa. Uliza bodaboda wa stegini, uliza walinzi. Zaidi ya wote, piga simu hospitali inayokuajiri uombe kuongea na mtu wa maabara. Wafanyakazi wenzako wanaishi karibu, wanajua ploti zenye maji na zile ambazo mwenyewe hugombana na watu. Mwajiri wako angefurahi pia kujua kwamba barua yake inazunguka mikononi mwa tapeli, kwa hivyo mweleze katika simu hiyo hiyo. Usione haya.

Usipopata kabla ya tarehe mosi, lala kwa binamu yako. Najua umesema vyumba viwili na watoto watatu. Binti yangu, mtu aliyejitolea kwenda Milimani kukuchunguzia jengo hawezi kukunyima sebule wiki mbili. Nenda na unga, sukari na mafuta ya kupikia, na godoro lako mwenyewe. Ni afadhali mara mia kuliko kuchukua nyumba kwa haraka, kwa sababu haraka yako ndiyo mtaji wa watu hawa. Tarehe yako ya kuripoti kazini ilikuwa kitu cha kwanza alichokuuliza. Nimeiona kwenye mazungumzo. Wengine wakikuuliza unahamia lini, waambie huna haraka.

Siku ya kulipa, enda na binamu yako. Kutana na mwenye nyumba au keateka anayetambuliwa na majirani. Pesa na funguo zipishane hapo hapo, hakuna cha kutumiwa kwa matatu. Mkataba uwe na jina na nambari ya kitambulisho cha anayekupangisha, nambari ya nyumba, kiasi cha kodi, kiasi cha dipoziti, na masharti ya kurudishiwa dipoziti hiyo ukitoka. Hili la mwisho ndilo wenye ploti wengine hulisahau kwa makusudi. Uliza pia kama kuna dipoziti ya maji au ya stima, isije ikaibuka baadaye. Chukua risiti. Ukitakiwa kutoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, ukivuka katikati: ya kupanga nyumba fulani tu, na tarehe. Piga picha za nyufa, vioo vilivyovunjika na mfereji unaovuja kabla hujaingiza kitu, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Pesa za chama mwambie mama azishike yeye hadi utakapompigia ukiwa hapo. Mwambie pia hakukosea kukopa, mkopo huo bado una kazi yake. Kisha kabla hujalala usiku wa kwanza, badilisha kitasa. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa na funguo nyingine, na keateka naye. Kitasa cha kawaida unakipata katika duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Kondele, na fundi wa kukifunga hakosekani nje ya duka hilo hilo.